Deni la Fundi: Namna ya Kulidai Hata Lilipwe

Mshahara wa kiwandani au wa shambani peke yake haumfikishi mtu mwisho wa mwezi. Kwa sababu hiyo, ukitembea Jumapili katika mitaa ya wafanyakazi hapa Jinja, au katika kambi za wakata miwa upande wa Kakira na Lugazi, utawakuta wenzetu wengi wamo katika kazi ya pili. Mkata miwa wa jana leo ni mpaka rangi. Mwendesha mashine ametoka zamu ya usiku, amelala saa tatu tu, kisha amebeba mwiko na pimamaji akaenda kupiga plasta nyumba ya mtu. Mwingine anabadilisha mabati yaliyooza, mwingine anatia dari, mwingine anaweka vigae bafuni.

Kazi hiyo ni halali na ina heshima yake. Lakini malalamiko yanayoletwa kwenye matawi yanaonyesha kwamba kazi hii ya pili inadhulumiwa kuliko ya kwanza. Kiwandani kuna chama, kuna mkataba wa pamoja, kuna Ofisa wa Kazi. Nyumbani kwa mtu fundi yuko peke yake na mwenye nyumba, na kazi ikisha kwisha, mwenye nyumba ameshika vyote viwili: nyumba iliyotengenezwa na pesa ya fundi. Ndipo zinapoanza habari za "njoo kesho".

Kabla ya kusema namna ya kudai, inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Ikiwa kontrakta amekuandika uje kila siku, akakupangia saa, akakupa vifaa vyake na akaahidi kukulipa kwa siku au kwa wiki, wewe ni mfanyakazi wake. Asipokulipa, hilo ni shauri la mshahara chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, na mlango wake ni wa Ofisa wa Kazi wa wilaya. Lakini ikiwa wewe mwenyewe ulikubaliana bei na mwenye nyumba, ukaja na vifaa vyako na labda kijana wa kukusaidia, basi wewe ndiye kontrakta, hata kama hujawahi kujiita hivyo. Hapo hudai mshahara, unadai deni la mkataba. Na yule kijana uliyemleta anakudai wewe, hamdai mwenye nyumba. Kutolipwa kwako si sababu ya kumnyima haki yake. Nalisema hili waziwazi kwa sababu baadhi yetu tunaolia kudhulumiwa na matajiri tuna vibarua nyuma yetu wanaolia vilevile.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapa ndipo deni linapozaliwa. Chukua mfano wa kupiga plasta na kupaka rangi nyumba ya vyumba vitatu kwa shilingi 1,800,000. Tuseme katika hizo, saruji, mchanga, rangi na niru ni shilingi 1,100,000, na mikono ya fundi ni shilingi 700,000. Mwenye nyumba anatoa arabuni ya shilingi 300,000 na kusema, "Anza tu, nyingine utapata." Fundi kwa kuogopa kuikosa kazi anakwenda duka la vifaa anakojulikana, anakopa vitu vya shilingi 800,000 kwa jina lake. Kazi inakwisha, mwenye nyumba halipi. Fundi huyu hakupoteza shilingi 700,000 za mikono yake tu. Amepoteza shilingi 1,500,000, na mwenye duka naye anamtafuta. Yaani amemjengea mtu nyumba kwa mkopo wake yeye mwenyewe, naye analala katika chumba cha kupanga.

Fundi wa pili ana kazi ileile na bei ileile, lakini amepanga vingine. Vifaa vyote ananunua mwenye nyumba, fundi anaandika orodha tu, na risiti za duka zinabaki na mwenye nyumba. Zile shilingi 700,000 za mikono zinalipwa kwa mafungu matatu: 250,000 siku ya kuanza, 250,000 plasta ikiisha kabla rangi haijafunguliwa, na 200,000 siku ya kukabidhi. Huyu naye anaweza kudhulumiwa, wala sisemi hawezi. Lakini katika mwisho mbaya kabisa anadai shilingi 250,000, na duka halimdai kitu. Fungu la pili lisipotoka, anasimama. Kusimama kazi kwa sababu fungu lililokubaliwa halijalipwa si ukaidi, mradi jambo hilo liliandikwa tangu mwanzo.

Hapo tunafika kwenye karatasi. Wengi husema, "Huyu ni jirani yangu, nitamwandikishaje?" Jibu ni kwamba sheria yenyewe inataka. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inasema mkataba unaozidi pointi 25 za fedha uwe wa maandishi, na pointi moja ni shilingi 20,000. Hesabu yake ni shilingi 500,000. Kwa hiyo kazi ya kupaka rangi nyumba nzima imekwisha kuvuka kiwango hicho, na fundi aliyeshikilia neno la mdomo tu anakwenda mbele ya hakimu na mguu mmoja.

Lakini maandishi si lazima yawe ya wakili, wala si lazima yawe ya Kiingereza. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha ikiwa una majina ya pande zote mbili na namba za vitambulisho vyao, nyumba ilipo, kazi yenyewe kwa maneno yanayopimika, nani ananunua vifaa, bei, mafungu na siku zake, saini, na shahidi mmoja wa kila upande. Usiandike "kutengeneza nyumba". Andika "kupiga plasta kuta za ndani za vyumba vitatu na ukumbi, na kupaka rangi mikono miwili". Neno "kutengeneza" halina mwisho, na mwenye nyumba mjanja ataongeza kupiga sakafu ya choo humohumo.

Tena sheria hiyohiyo inahesabu ujumbe wa simu kuwa maandishi, alimradi unaweza kusomwa tena baadaye. Mwenye nyumba anayekataa kutia saini kwa sababu ya haraka, mtumie ujumbe jioni hiyo: "Tumekubaliana leo tarehe fulani nitapaka rangi nyumba yako ya vyumba vitatu, vifaa ni vyako, mikono ni shilingi 700,000 kwa mafungu matatu. Jibu kama ni sawa." Akijibu "sawa", umepata kitu. Usiufute. Mpokee malipo kwa simu kuliko mkononi, kwa maana pesa ya simu huacha alama ya tarehe na kiasi. Na siku ya kukabidhi, pitia chumba kwa chumba pamoja naye, piga picha, mwambie aandike kwamba amepokea kazi. Kama ana dosari, zitajwe siku hiyo uzirekebishe. Mwenye nyumba anayetembea miezi miwili bila neno, kisha siku ya kudaiwa akagundua ukuta una nyufa, hakimu atamuuliza alikuwa wapi.

Ni haki pia kukiri kwamba dosari nyingine ni za kweli. Rangi iliyopakwa juu ya plasta mbichi hubambuka, na mtu hakosei akikataa kulipa chote kwa kazi ya namna hiyo. Irekebishe kwanza, kisha dai. Fundi anayekwenda mahakamani na kazi mbovu anampa mwenzake madai ya kujibu, na mara nyingi deni hupunguzwa.

Kuna aina mbili za wenye nyumba wanaotusumbua kuliko wengine. Wa kwanza ni yule aliye ng'ambo, London au Dubai, ambaye anatuma pesa kwa ndugu yake asimamie. Fundi anamwona ndugu tu. Pesa inafika, ndugu anaila, na mwenye nyumba anaapa kwamba alikwisha kulipa. Dawa yake ni kumpata mwenye nyumba mwenyewe kwenye simu kabla ya kuanza, aandike kwamba fulani anasimama badala yake na kwamba bei anaijua. Bila hivyo utakuta kila mmoja anakusukuma kwa mwenzake.

Wa pili ni mkubwa wako wa kazi. Msimamizi anakuita, anasema paa la nyumba yake linavuja, wewe unajulikana kwa mabati. Unapanda Jumapili mbili, paa linakuwa zuri, na Jumatatu unaona haya kumdai mtu anayepanga zamu yako. Katika kuzunguka kwangu matawini, hili ndilo jambo ambalo wanachama hulisema kwa sauti ya chini kuliko yote. Wengine wamekaa na deni mwaka mzima, kila siku wanamwamkia mdaiwa wao langoni. Msimamo wetu ni huu: kazi ya nyumbani kwa mkubwa iandikwe kama kazi ya mtu mwingine yeyote, na ifanywe nje ya saa za kiwanda. Akikutuma kwake katika saa za kiwanda, huo si mkataba wa fundi tena, ni matumizi mabaya ya mfanyakazi, na linakuja tawini. Ukimdai akaanza kukubadilishia zamu au kukutafutia makosa, andika tarehe ya kila tukio na umwone mwakilishi wa wafanyakazi mapema, kabla barua ya kufukuzwa haijaandikwa. Barua ya kudai inaweza kupelekwa na mwakilishi ili usisimame mwenyewe mbele yake.

Barua hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kudai baada ya maneno ya mdomo kushindwa. Watu huiogopa bure. Isiwe na matusi wala vitisho. Iwe hivi:

"Kwa Bwana (au Bibi) fulani. Tarehe fulani tulikubaliana nipake rangi nyumba yako iliyoko mahali fulani kwa shilingi 700,000. Kazi niliimaliza na ukaipokea tarehe fulani. Umelipa shilingi 500,000. Zimebaki shilingi 200,000. Naomba unilipe katika siku 14 tangu kupokea barua hii. Kama una sababu ya kutolipa, niandikie katika siku hizo. Siku zikipita bila malipo wala jibu, nitapeleka madai yangu mahakamani. Nakala ya makubaliano yetu nimeiambatanisha."

Andika nakala mbili. Atie saini kwenye nakala yako kwamba amepokea. Akikataa, aliyekusindikiza aandike jina lake na tarehe kwamba alishuhudia. Piga picha barua hiyo umtumie kwa simu pia.

Mara nyingi barua hii huleta mazungumzo. Mdaiwa anakuja na kusema hana pesa zote, atalipa kidogokidogo. Kubali, lakini usikubali kwa mdomo. Mwandikishe hati ya kukiri deni: kwamba yeye fulani anadaiwa na fulani shilingi kadhaa za kazi fulani, na atalipa kiasi fulani kila tarehe fulani, na asipolipa fungu moja, deni zima linadaiwa mara moja. Saini na mashahidi. Hati hii ina kazi tatu. Inamfungia mlango wa kusema kazi ilikuwa mbaya. Inageuza ubishi wa kazi kuwa deni lililokubaliwa, jambo ambalo mahakama hulimaliza upesi zaidi. Tena inaanza upya hesabu ya miaka, kwa maana kwa kawaida deni la mkataba hudaiwa katika miaka 6, na mdaiwa akikiri kwa maandishi na saini, miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ya kukiri.

Asipolipa wala kujibu, mlango ulio karibu ni mahakama ya LC ya kijiji anakokaa mdaiwa au ilikofanyika kazi. Sheria ya mahakama hizo ya mwaka 2006 imezipa uwezo wa kusikiliza madeni na mikataba hadi pointi 100, yaani shilingi milioni 2. Kwa miaka mingi wananchi walikuwa na mashaka juu ya uhalali wake, kwa kuwa uchaguzi wa vijiji ulikawia kutoka 2001 hadi Julai 2018. Huhitaji wakili, na shauri linasikizwa kwa lugha ya mahali. Ubaya wake kila mtu anaujua: mwenyekiti anaweza kuwa mnywaji mwenzake mwenye nyumba. Kama kuna mjumbe ambaye ni ndugu au mshirika wa mdaiwa, sema mapema na kwa adabu kwamba unaomba asikae katika shauri hilo, na uombe maneno yako yaandikwe. Usiporidhika na hukumu, kuna rufaa kwenda parishi na kisha gombolola, na kutoka huko kwa Hakimu Mkuu.

Deni kubwa zaidi linakwenda moja kwa moja kwa hakimu. Huko pia kuna utaratibu wa madai madogo, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, kwa madeni, kodi za nyumba na bidhaa zilizotolewa, yasiyozidi shilingi milioni 10. Unaanza kwa notisi ya madai kwa mdaiwa, fomu zinapatikana kwa karani wa mahakama, na kila mmoja anajisemea bila wakili. Hapa ile hati ya kukiri deni ndiyo inayofaa kuliko vyote. Karani akiiona anaona deni. Asipoiona, anaweza kuona ugomvi juu ya kazi na kukuelekeza kwenye kesi ya kawaida, ambayo ni ndefu na ina gharama. Kwa hiyo usiende na maneno mengi. Nenda na makubaliano, ujumbe wa simu uliochapwa, rekodi za malipo, picha, barua ya kudai na hati.

Kushinda si kulipwa. Mdaiwa akipuuza hukumu, unaiomba mahakama itoe amri ya kutekeleza, na dalali wa mahakama ndiye anayeruhusiwa kukamata mali yake. Dalali ana ujira wake, kwa hiyo kabla ya kufika huko pima kama mdaiwa ana kitu cha kukamatwa. Mtu asiye na chochote ni afadhali apangiwe mafungu madogo mbele ya hakimu.

Sasa neno kali kidogo. Wapo mafundi wanaosema, "Mahakama ya nini? Nitakwenda usiku ning'oe mlango wangu." Ndugu, mlango ukisha kufungwa ukutani si wako tena, umekuwa sehemu ya nyumba, hata kama uliununua kwa pesa yako. Ukiung'oa, yule aliyekuwa mdaiwa anakuwa mlalamikaji, na wewe unaeleza polisi kuhusu kuingia nyumba ya watu na kuharibu mali. Vivyo hivyo kumfuata na kumtukana sokoni, au kumzuilia mtoto njiani. Polisi nao si wakusanya madeni, ingawa wapo wanaowapa askari "chai" ili wamtie mdaiwa ndani siku moja. Pesa inayopatikana hivyo hugawanywa kabla haijakufikia.

Kwa wenzetu wanaovuka mpaka, maneno machache. Fundi wa Tororo anayefanya kazi upande wa Kenya, Busia au Malaba, hawezi kumleta mwenye nyumba wa huko mbele ya LC ya kijiji chake. Lakini Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inasikiliza mikataba ya bidhaa na ya huduma, kwa hiyo kazi ya fundi imo, hadi shilingi milioni 1 za Kenya, na sheria inataka hukumu itolewe katika siku 60. Unaweza kujisemea mwenyewe. Madai ya mshahara hayaendi huko, yana mahakama yake. Na wale wanaopita Mutukula kwenda Tanzania, huko mahakama ya mwanzo husikiliza madeni ya namna hii kwa Kiswahili. Katika nchi zote mbili chukua nakala ya kitambulisho cha mwenye nyumba na jina la mtaa wake kabla hujachanganya saruji, kwa sababu samansi bila anwani hairuki mpaka.